Kufunga turubai juu ya mzigo wa lori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa madereva na matanboi (wasaidizi wao) wanaobeba mizigo kwenye malori ya bodi wazi hapa Uganda: Fuso za mahindi kutoka Masindi na Kiryandongo, semi za saruji kutoka Tororo, vyuma vinavyoingia Malaba kuelekea Kampala, na mizigo ya Juba inayopitia Gulu hadi Elegu. Wenye mali nao wasome. Ugomvi mwingi wa mzigo uliolowa huanzia getini, pale mwenye mali anapompigia dereva simu kila dakika tano na kamba ya mwisho haijafungwa.

Turubai si ndilo linaloshika mzigo? Kwa nini nifunge mara mbili?

Turubai hufunika tu. Kinachoshika mzigo ni kamba, mikanda na minyororo iliyo chini yake. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinataka vifungo vya mzigo viweze kuzuia nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake ukitaka kwenda mbele, na asilimia 50 ukitaka kwenda pembeni au nyuma. Maana yake, nondo za tani 10 zinaweza kusukuma mbele kwa nguvu ya tani 8 siku utakayokanyaga breki ghafla kwa sababu ya bodaboda aliyekatiza barabara pale Iganga. Hakuna turubai la kuzuia tani 8, hata liwe jipya.

Kipimo ni hiki: kabla turubai halijapanda juu, jiulize kama unaweza kuondoka bila hilo turubai na mzigo ukafika ulivyopangwa. Kama huwezi, rudia kufunga mzigo. Ukifunika kwanza, utakuwa umelificha kosa mpaka lijionyeshe lenyewe kwenye kona za Kabale.

Kati ya mvua na upepo, kipi kinaharibu zaidi?

Upepo, wala sisiti kusema. Mvua huja na kupita. Upepo unao tangu unapotoka hadi unapofika, hata siku ya jua kali, kwa sababu unautengeneza mwenyewe kwa mwendo wa gari. Tena hauongezeki polepole: nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, upepo unalisukuma turubai mara nne, si mara mbili. Ukipishana na basi linalokuja mbio, ongeza na kishindo cha hewa yake.

Turubai lililokazwa halichakai upesi. Linalochakaa ni lile linalopigapiga. Lichunguze turubai lililorudi kutoka safari ndefu likiwa limelegea: kuzunguka kila ringi (lile duara la chuma la kupitishia kamba) kitambaa kimepauka, utando wa plastiki umechubuka, nyuzi za ndani zinaonekana. Hapo ndipo patakapochanika, na ringi moja ikishang'oka, ya jirani inabebeshwa kazi ya mbili. Kwa hiyo usishangae kwamba majibu mengi hapa chini yanaongelea upepo hata pale swali linapouliza mvua.

Ninunue turubai la aina gani?

Madukani utakuta makundi matatu. La kwanza ni jepesi, la plastiki iliyofumwa, mara nyingi la buluu. Hilo linafaa kuanikia mahindi na maharage nyumbani. Kwa safari ya barabara kuu ni pesa ya kutupa: jua hulikausha, upepo hulichana vipande. La pili ni kanvasi ya pamba. Linapumua kidogo na fundi yeyote mwenye sindano nene analishona, lakini linanyonya maji, linakuwa zito, na likikunjwa na unyevu linaoza. La tatu ni la PVC, yaani kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki pande zote mbili. Hili ndilo la kazi.

Turubai la PVC hupimwa kwa gramu za kila mita ya mraba. Gramu 650 hivi ni la kawaida kwa lori; 900 ni la mizigo yenye makali kama vyuma na mbao. Muuzaji akikwambia "hili ni zito, boss" bila kutaja gramu, liweke kwenye mizani. Turubai la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48, kwa hiyo la gramu 650 linatakiwa kukaribia kilo 31. Mizani ikisoma 20, umeshapata jibu lako.

Angalia pia pindo. Pindo liwe limekunjwa mara mbili, ikiwezekana na kamba imepitishwa ndani yake, na ringi ziwe za kila nusu mita au karibu zaidi. Ringi za shaba hazishiki kutu. Zile za bati jembamba utazing'oa kwa mkono siku ya tatu.

Ukubwa gani unanitosha?

Pima mzigo, usipime gari. Tuseme trela lako lina mita 12 kwa 2.5, na mzigo umepanda mita 2 kutoka sakafuni. Upana wa turubai: 2.5, ongeza 2 za kila ubavu, ongeza sentimita 30 kila upande ili lishuke chini ya ukingo wa bodi. Jumla mita 7.1. Urefu kwa hesabu hiyo hiyo ni mita 16.6. Hilo ni eneo la mita za mraba kama 118, na kwa gramu 650 turubai lina kilo 77 likiwa kavu.

Watu wawili juu ya magunia hawalimudu kwa usalama. Ndiyo sababu napendekeza vipande viwili vinavyopishana mita moja, kuliko kimoja kikubwa. Kipande kimoja kikichanika pia hujapoteza vyote.

Kubwa kupita kiasi nalo ni tatizo. Kila kitambaa kinachobaki ni mfuko wa upepo.

Wakati wa kufunika nianze wapi?

Nyuma. Turubai la nyuma hutandazwa kwanza, la mbele huja juu yake, kama fundi wa mabati anavyoanzia chini ya paa akipanda. Mdomo wa mpishano unabaki ukitazama nyuma, upepo unapita juu yake. Ukifanya kinyume, upepo unaingia kwenye mdomo, unanyanyua kipande cha nyuma, na maji yanaufuata. Kosa hili utaliona kila siku barabara ya Jinja, na haligharimu hata shilingi moja kulirekebisha.

Kabla ya kulipandisha, zunguka mzigo na kuutazama: msumari kwenye ubao, waya uliochomoza kwenye nondo, ncha ya bati. Vifunike. Halafu pandisha turubai likiwa limekunjwa, liweke katikati ya upana wa mzigo, na lifunguliwe kuelekea pande zote mbili. Kama kuna upepo pale mnapopakia, funga kwanza upande ule upepo unakotokea. Nimeona watu wakianza na upande wa pili, turubai likawageuzia mgongo na kumburuta mmoja wao hadi ukingoni.

Mpangilio wangu wa kufunga ni huu: pembe nne kwanza, kwa kulegeza, kisha mbele yote, kwa kukaza, kisha vuta kuelekea nyuma mpaka mikunjo ya juu inyooke, ukaze nyuma, mwisho mbavu, kulia na kushoto kwa zamu, ukianzia mbele. Ukimaliza ubavu mmoja wote kabla ya kugusa wa pili, turubai litakuwa limehama na upande mmoja utabaki wazi chini.

Sasa zinakuja kamba za juu. Watu wengi huishia kwenye ringi na kuona kazi imekwisha. Ringi peke yake haziwezi kulizuia turubai lisivimbe katikati. Pitisha kamba kutoka ubavu mmoja hadi mwingine juu ya turubai, kila mita moja na nusu hivi, na mbele kabisa weka mbili zinazopishana kama alama ya kuzidisha. Sehemu ya mbele ndiyo inayopigwa zaidi. Usiifanyie ubahili wa kamba.

Kitambaa kinachobaki ubavuni kikunje bapa, mkunjo ukitazama nyuma, na kamba ipite juu yake. Halafu shuka uzunguke gari: taa, viakisi mwanga na namba za gari vionekane, na turubai lisikaribie tairi wala bomba la moshi. PVC ikigusa bomba la moto inayeyuka kabla hujasikia harufu.

Kona za mbele nazikunjaje? Zangu zinavimba kila safari.

Zinavimba kwa sababu mdomo wa mkunjo unatazama mbele. Uso wa mbele ushushwe kwanza, ukazwe chini. Pembe mbili zitabaki zimechomoza kama masikio. Kila sikio lilaze ubavuni, likielekea nyuma, na ulibane kwa kamba inayopita juu yake. Usilikunje lije kulala uso wa mbele, hata kama linaonekana safi zaidi.

Nyuma ya gari fanya tofauti: masikio yaingizwe ndani kwanza, yalale juu ya mzigo, kisha uso wa nyuma ushushwe juu yake kama unavyofunga bahasha. Hivyo maji yanayotiririka kutoka juu hayapati njia. Ukitaka kukumbuka jambo moja tu: kila mdomo utazame nyuma au chini.

Kamba, mpira wa tyubu au mkanda wa racheti?

Vyote vina kazi yake.

Kamba ya plastiki hainyonyi maji na ni rahisi kupatikana. Kamba ya katani hushika fundo vizuri, lakini ikilowa hujikaza na ikikauka hulegea, kwa hiyo ukiifunga imelowa asubuhi, saa nane mchana itakuwa inaning'inia. Mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ni mzuri kwenye ringi za pembeni, kwa kuwa unavutika gari likirukaruka na kurudi. Ila jua huupasua, na ukikatika ukiwa umevutwa, ndoano iliyo mwishoni inaruka kuelekea usoni kwako. Vuta ukiwa umesimama pembeni ya mstari wa mpira, usiwe mbele yake.

Mkanda wa racheti, yaani wenye kikazio cha mpini na meno, ndio wa kushikia mzigo wenyewe. Juu ya turubai unafaa pia, mradi kila pembe uweke kizuizi, kipande cha tairi kuukuu au gunia lililokunjwa, la sivyo utakata kitambaa. Soma lebo yake kujua nguvu unayoweza kubeba. Mkanda usio na lebo uchukulie kama kamba ya kawaida. Na racheti hukazwa kwa mkono. Tabia ya kuchomeka bomba ili kuongeza urefu wa mpini ndiyo inayovunja meno yake.

Waya wa kufungia nondo usiupitishe kwenye ringi za turubai hata kwa dharura. Unakata kama kisu.

Fundo gani linakaza vizuri?

Lile ambalo karibu kila tanboi mkongwe analijua hata kama hana jina lake. Funga ncha moja kwenye ndoano ya upande wa kwanza, rusha kamba juu, uende upande wa pili. Kwenye kimo cha kifua chako, pindua kamba ifanye kitanzi kidogo. Shika kamba iliyo chini ya kitanzi, ikunje, na uchomeke mkunjo huo ndani ya kitanzi bila kupitisha ncha yote. Vuta, na utapata jicho linaloning'inia kwenye kamba. Sasa peleka ncha chini, izungushe kwenye ndoano ya bodi, irudishe juu, ipite kwenye jicho, kisha ivute kuelekea chini kwa uzito wa mwili wako.

Kwa hesabu ya kapi unapata kama mara tatu ya nguvu yako. Msuguano hula sehemu yake, lakini kinachobaki kinatosha kulifanya turubai litoe mlio ukilipiga kwa kiganja. Bana kwa kidole pale kwenye jicho lisirudi, malizia kwa kuzungusha nusu fundo mara mbili, la pili ukiacha mkia wa kufungulia. Kamba ikichakaa pale kwenye jicho, sogeza jicho sehemu nyingine safari ijayo.

Kila nikifika nusu ya safari kamba zimelegea. Nifanyeje?

Lazima zilegee. Magunia hukaa chini, mchanga hujipanga, mbao hubanana, na kimo cha mzigo hupungua. Hii si dalili ya kufunga vibaya. Sheria ya Marekani inamtaka dereva akague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kilomita 80 hivi, na baadaye kila baada ya maili 150 au saa tatu. Kwa barabara zetu zenye matuta ya kupunguza mwendo kila senta ya biashara, mimi nasimama mapema zaidi. Ukitoka Malaba, kagua Tororo. Ukitoka Kampala kwenda Masaka, ukifika Kayabwe kwenye Ikweta uwe umeshashuka garini, na tena kabla ya kuingia Lwera, ambako uwanda ni wazi na upepo wa ziwa unapiga ubavuni. Ukienda Gulu, Luwero panafaa.

Dakika kumi zinatosha: gusa kila kamba, kaza zilizolegea, tazama kona za mbele. Na madirisha yakiwa wazi, sikiliza. Turubai linalopigapiga linasikika kabla halijaonekana kwenye kioo.

Maji yanakusanyika juu ya turubai. Ni hatari?

Bwawa la mita 2 kwa mita moja na nusu lenye kina cha sentimita 10 lina kilo 300. Uzito huo unalivuta turubai katikati, unang'oa ringi, na gari likiinama kwenye kona maji yote yanahamia upande mmoja kwa pamoja. Juu ya mzigo panatakiwa mgongo. Kwa magunia ni rahisi: safu ya juu kabisa iwe ya katikati tu, ili pande zote ziteremke. Kwa mizigo ya kimo tofauti, weka mbao au bomba la chuma kutoka mbele hadi nyuma, lifungwe lisihame. Usitoboe turubai ili maji yatoke. Yatatoka, yakipitia kwenye saruji ya mtu.

Mahindi yangu yalifunikwa vizuri, mvua haikuingia, lakini yamefika na joto na harufu. Kwa nini?

Kwa sababu maji yalikuwa ndani tangu mwanzo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi ya asilimia 16 au 17 yakifunikwa na PVC isiyopumua, jua la mchana hulazimisha unyevu kutoka kwenye punje, usiku turubai linapoa, unyevu unageuka matone chini ya kitambaa na kudondokea magunia ya juu. Safari ya siku moja utasamehewa. Foleni ya mpakani haikusamehi: Januari 2022, malori yalipokwama Malaba kwa sababu ya masharti ya kupima Korona, kulikuwa na mizigo iliyokaa chini ya turubai siku nyingi.

Baada ya joto na unyevu huja ukungu, na pamoja na ukungu sumukuvu. Kiwango cha kanda kinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu yote kwa kilo moja ya mahindi. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kipima unyevu wakati wa kununua. Ya pili ni kufungua pande za turubai kila unaposimama kwenye jua kwa saa kadhaa, kama mzigo hauna sili ya forodha (kifungo kinachoonyesha kama mzigo umefunguliwa). Ya tatu, weka tabaka la magunia matupu au maboksi yaliyokunjuliwa kati ya mahindi na turubai, yanakunywa matone.

Matooke, kabichi na vitunguu ni hadithi nyingine kabisa. Hivyo vinapumua na kutoa joto, tumia wavu au funika juu tu na uache mbavu wazi.

Saruji imelowa chini ilhali turubai ni zima.

Maji yalitoka chini. Tairi zinarusha maji ya barabara kupitia nyufa za sakafu ya bodi, na mifuko ya safu ya kwanza inakuwa mawe. Tandika karatasi nzito ya plastiki sakafuni kabla ya kupakia, juu yake mbao au paleti, na kingo za plastiki uzipandishe ubavuni sentimita 40 hivi, ziwe upande wa ndani wa turubai. Turubai lenyewe lishuke nje kupita ukingo wa bodi. Kama turubai litaishia juu ya sakafu, maji yanayotiririka yataingia moja kwa moja kwenye plastiki uliyotandika, na sasa mfuko wa chini utakuwa unaoga.

Nondo na mabati yanatoboa turubai kila mara.

Si makali yanayotoboa, ni makali pamoja na mtikisiko. Weka kinga kila penye pembe: kipande cha tairi, zulia kuukuu, gunia lililokunjwa mara nne. Kifunge kipande hicho kwa kamba yake yenyewe, kwa sababu kikiwekwa tu kitaanguka kabla ya Bugiri. Na kwa nondo zilizotoka nyuma ya bodi, usilifunge turubai kwenye ncha zake. Weka kitambaa chekundu mchana na taa usiku.

Mchanga na murram navyo vifunikwe?

Ndiyo. Kokoto moja ikiruka inapasua kioo cha gari la nyuma. Wavu wa matundu madogo unatosha kwa kokoto. Mchanga mkavu unataka turubai. Mchanga uliotoka majini uache uchuruzike kwanza, unapunguza na uzito.

Mzigo wangu ni wa kupita kwenda Juba au Kongo na umewekwa sili. Ninaweza kulikaza turubai njiani?

Kamba za juu, ndiyo, kama hazihusiani na sili. Ile kamba ya forodha inayopita kwenye ringi zote na kuishia kwenye sili, usiiguse. Kwa mzigo wa namna hiyo turubai linatakiwa liwe zima, ringi zote ziwepo, na kamba ya forodha iwe kipande kimoja kisicho na kiungo, ili mtu asiweze kuingiza mkono bila kuacha alama. Tundu dogo ambalo kwenye mzigo wa ndani ungeliacha, hapa linaweza kukulaza mpakani.

Likichanika njiani, usilishone kimyakimya. Simama mahali salama, piga picha, mjulishe wakala wako wa forodha na ofisi ya forodha ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) iliyo karibu, na kama kuna dalili ya wizi, polisi. Malori yenye kifaa cha RECTS, mfumo wa kanda wa kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki, huonekana yanaposimama sehemu isiyotarajiwa, kwa hiyo ni heri uwe wewe uliyepiga simu kwanza.

Jambo ambalo madereva husahau: kwa kuwa huwezi kufungua, mzigo unaohitaji hewa au kukazwa tena kwa ndani haukupaswa kufungwa hivyo tangu mwanzo. Sema kabla sili haijawekwa.

Turubai linaweza kuniletea shida kwenye mzani?

Kwa uzito, linaweza. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaweka mwisho wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake: tani 24 kwa ekseli tatu za nyuma zenye tairi pacha, kwa mfano. Kanvasi iliyolowa na bwawa la maji juu ya ekseli za nyuma vinaweza kukutoa nje ya kikomo hicho hata kama jumla iko sawa. Ukipakia hadi kilo ya mwisho siku kavu, mvua ikinyesha kabla ya mizani ya Magamaga au Lukaya, mwaga maji ya juu kabla hujaingia kwenye mstari.

Wezi wanachana turubai usiku. Kuna namna ya kuzuia?

Kuzuia kabisa hapana. Hushambulia nyuma, gari likipanda kilima polepole au likiwa kwenye foleni. Weka mzigo mgumu kubeba nyuma kabisa, mdogo na wa thamani katikati. Kamba za nyuma ziwe karibu karibu, mafundo yawe upande unaoonekana kwenye kioo. Lala kwenye yadi yenye mlinzi, ukirudisha nyuma ya gari karibu na ukuta.

Tanboi wangu anapanda juu bila wasiwasi. Kuna haja ya kumzuia?

Ipo, ndugu. Sakafu ya trela peke yake ina kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Ongeza mzigo wa mita mbili, na kijana anatembea kwenye plastiki iliyolowa kwa kimo cha ghorofa ya kwanza, akirudi kinyumenyume huku anavuta. Hivyo ndivyo wanavyoanguka, wakirudi kinyumenyume. Sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa kutoka chini: rusha kamba nyepesi yenye uzito mwishoni, vuta turubai kwa hiyo kamba, tumia ngazi iliyofungwa ubavuni. Ikibidi apande, apige magoti na atazame anakokwenda.

Kabla ya kupanda, tazama juu. Nyaya za umeme katika senta zetu nyingi ziko chini kuliko unavyodhani, na nguzo ya chuma au kamba iliyolowa inatosha kuua. Sogeza gari. Na mtu asibaki juu ya mzigo gari likitembea, hata kama ni kutoka godauni hadi barabarani.

Nalitunzaje lidumu?

Likaushe kabla ya kulikunja. Kama umefika usiku na mvua, likunje hivyo hivyo, lakini kesho yake lianike, lisikae kwenye boksi wiki nzima. Mafuta ya dizeli na oili yanaiharibu PVC. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida. Likunje kwa mistari tofauti kila mara, kwa sababu mstari ule ule ukikunjwa miezi sita ndio utakaopasuka.

Tundu la PVC huzibwa kwa kiraka cha PVC, ama kwa gundi yake au kwa hewa ya moto. Kiraka kiwe cha duara au kona zake zizungushwe, kona kali huanza kubanduka. Pawe pakavu, pafutwe vumbi, na kiraka kipite tundu kwa sentimita tano kila upande. Kanvasi mpelekee fundi viatu mwenye uzi uliopakwa nta. Ringi iliyong'oka usiirudishe kwenye tundu lile lile: bandika kiraka kwanza, toboa upya.

Mzigo umelowa na mwenye mali anakata pesa yangu. Ni haki?

Inategemea kilichoandikwa. Dereva akisaini kwamba amepokea mifuko 600 ya saruji mikavu na mizima, na ikafika 580, ni juu yake kueleza kilichotokea. Kwa hiyo kabla ya kusaini, kagua. Gunia lililolowa tayari, liandike kwenye hati ya mzigo na mwenye ghala naye asaini. Kama mwenye mali ameleta turubai lake mwenyewe na lina matundu, liandike hilo pia. Kama amekataa usubiri mvua ipite, ujumbe wake wa simu uhifadhi, usiufute.

Piga picha nne: mzigo kabla ya kufunikwa, turubai likiwa limefungwa mbele na ubavuni, sehemu uliyokagua njiani, na turubai kabla ya kufunguliwa ghalani kwa mpokeaji. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanaisahau, kwa sababu wapagazi huwa wameshaanza kukata kamba kabla dereva hajazima injini.